Mwisho Usiokuwemo Kwenye Filamu

Watu walikataa kutoka ukumbini. Filamu ilikwisha, taa zikawaka, mfagiaji akaingia na ufagio wake, na wao wameketi tu, mikono kifuani, wanasubiri mwisho. Mwenye sinema akawaambia kwa upole kwamba mwisho ndio huo waliouona. Mwanamke mmoja wa safu ya mbele akatoa gazeti kwenye mkoba, akalikunjua, akamsomea kwa sauti: mama anarudi, anaingia saluni, anaketi kwenye kiti cha wateja na kumwambia binti yake neno moja tu, "Nisuke." Basi tunamtaka huyo mama, akasema, tumemlipia. Ukumbi mzima ukaanza kupiga miguu sakafuni na kuimba "Nisuke, nisuke," mpaka mwenye sinema akaenda kujifungia kwenye chumba cha mitambo.

Mwandishi aliyapata haya kwa simu, Jumatatu asubuhi, akiwa ameinamia mtungi wa gesi, anautikisa asikie kama kumebaki chochote. Aliyempigia alikuwa mhariri wa gazeti la wikiendi. Mhariri huyu hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Akikasirika sauti yake ilishuka, na siku hiyo ilikuwa imeshuka kiasi kwamba mwandishi alilazimika kuziba sikio la pili.

"Dada," alisema mhariri, "ule mwisho uliuona wapi?"

"Mwisho upi, bosi?"

"Wa filamu ya saluni. Mwongozaji wake amekaa hapa mbele yangu. Anasema mama harudi. Anasema hajawahi kumrudisha, wala hana mpango wa kumrudisha."

Mwandishi akatupia jicho mlango wa uani. Nje, mama mkwe wake alikuwa ameketi kwenye kigoda na ungo wa maharage mapajani, anachambua huku akijiimbia taratibu, mtu asiye na deni na dunia.

"Hebu niangalie niliyoandika," alisema mwandishi. Ndivyo wasemavyo waandishi wote wakikosa la kusema.

"Angalia. Halafu Jumamosi mchana uje sinema. Mwongozaji anataka umjibu mbele ya watu, na mwenye sinema ameshabandika tangazo mlangoni. Ukiwa na maelezo, tutacheka yaishe. Usipokuwa nayo, nitakunyang'anya kurasa. Zote tatu, dada. Siwezi kumwamini mtu kwenye mambo ya fedha wakati kwenye filamu ananidanganya."

Simu ikakatika. Kurasa tatu ndizo zilizokuwa zikiendesha nyumba ile. Kwenye ukurasa wa filamu mwandishi alijiita Kiti cha Nyuma. Kwenye ukurasa wa fedha za nyumbani alikuwa Bibi Akiba. Kwenye ule wa mitindo ya maisha, wenye mapazia na ndoa na namna ya kupata usingizi mzuri, alikuwa Dada wa Jirani. Wasomaji waliamini hao ni watu watatu. Mjane mmoja mwanamume aliwahi kuandika kumposa Bibi Akiba, na msomaji mwingine alimshauri Dada wa Jirani aache ubadhirifu, amwige Bibi Akiba. Kwa gazeti lenyewe alikuwa mwandishi wa kujitegemea, maana yake hana meza, hana likizo, na kila akifika pale getini mlinzi humwandika "mgeni" kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Mumewe alikuwa fundi friji, na majira yale ya baridi friji za watu zilikuwa zimekataa kabisa kuharibika.

Hakwenda kwa mama mkwe moja kwa moja. Kuna maswali yanayohitaji kikombe cha chai mkononi, na gesi ndiyo hiyo imekwisha. Akachukua sufuria ya maji, akagonga kwa jirani.

"Nichemshie tu haya, jirani. Gesi imenikatikia."

Jirani alimtazama kwa huruma. "Ningekuchemshia, kweli tena. Lakini umemsoma Bibi Akiba wiki hii?"

Mwandishi akasema hajapata nafasi.

"Msome. Anasema jirani anayekuja na sufuria kila mwezi usimsaidie, unamlemaza. Anasema mtungi wa pili ujazwe kabla wa kwanza haujaisha. Yule mama ana akili jamani. Ningependa siku moja niione nyumba yake, lazima inang'aa."

"Lazima," alisema mwandishi, akarudi na maji yake yakiwa baridi vilevile. Ushauri ule aliuandika mwenyewe wiki iliyotangulia, akiwa amekalia huo mtungi wa pili, ambao ulikuwa mtupu na ulifaa sana kukaliwa kwa sababu kiti cha jikoni kilikuwa kimevunjika mguu. Akaiweka sufuria chini na kucheka peke yake, kicheko kibaya cha mtu aliyejifungia nje kwa ufunguo wake mwenyewe. Kisha akatoka uani.

*

Kazi ilikuwa ikifanyika hivi. Tangu msiba wa mama yake mzazi, miezi michache nyuma, mwandishi hakuweza tena kuketi gizani. Nyumbani alifanya kazi, alitania, alikula vizuri tu. Lakini taa za ukumbi zikizimwa kifua kilimbana, anajikuta yuko nje barabarani amekumbatia mkoba, na filamu haijafika hata nusu. Mara ya pili ilipotokea, mama mkwe alivaa viatu vyake vya kutokea, akanyoosha mkono na kusema, "Nipe huo mwaliko."

Tangu hapo maonyesho ya waandishi alikwenda yeye. Aliketi kiti cha nyuma na karanga zake, waandishi wengine wakawa wanamwamkia kwa heshima wakidhani ndiye mhakiki mwenyewe. Akirudi huketi jikoni na kuisimulia filamu kutoka mwanzo hadi mwisho, anacheza watu wote, mwiko ndio bastola, kanga yake mara ni harusi mara ni sanda, na mwandishi anachapa mbio asipitwe. Ukurasa wa Kiti cha Nyuma haujawahi kuwa mtamu kama miezi ile. Mhariri mwenyewe alikiri.

"Mama," alianza mwandishi, akachuchumaa mbele ya ungo. "Ile filamu ya saluni. Yule mama aliyepelekwa hospitali, alirudi?"

Mama mkwe aliendelea kuchambua. "Kwani nilikuambiaje?"

"Uliniambia alirudi. Gauni la buluu, akaketi, akasema nisuke."

"Basi ndiyo hivyo."

"Mwongozaji anasema hakurudi."

"Pengine yeye hakumwona."

"Mama, yeye ndiye aliyeitengeneza."

Mama mkwe akaokota jiwe moja kwenye ungo, akalitazama pande zote, akalitupa mbali. "Hakurudi," alisema. "Lakini ilikuwa inapendeza arudi. Nikairekebisha kidogo."

Mlango ukagongwa na mtu asiyesubiri kuitikiwa. Alikuwa fundi, karudi mapema kwa kukosa friji za kutengeneza, mkononi kashika mtungi wa gesi uliojaa ambao hakusema ameupataje. Alisikia neno la mwisho na macho yakamtoka.

"Umerekebisha filamu ya watu, mama?"

"Sasa kosa langu liko wapi?" aliuliza mama mkwe, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Huyu mwenzangu anarekebisha kila wiki, na analipwa. Juzi Dada wa Jirani ameandika kwamba mumewe huamka kabla yake, anaosha vyombo vya jana, halafu anampelekea mkewe chai kitandani. Huyo mume ni nani? Mimi nimezaa mtoto mmoja tu wa kiume, na chai yeye ndiye anayeletewa. Nikasema kumbe kazi yao ndivyo ilivyo. Unachukua kitu kilivyo, unakinyoosha kidogo, unakipeleka gazetini."

Fundi aliweka mtungi chini taratibu. "Ni mimi yule?"

Mwandishi akatazama maharage.

"Yule mume wa Dada wa Jirani ni mimi?" Fundi alijishika kiuno. "Mke wangu, wanawake wa pale dukani wanamsifu yule bwana asubuhi mpaka jioni. Wanawapigia waume zao mfano. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kumchukia."

"Na yule mama mkwe wa Dada wa Jirani, asiyeingilia mambo ya jikoni?" aliuliza mama mkwe. "Huyo nami namtafuta nimwone."

Ndipo mwandishi alipoketi chini kabisa, kwenye saruji, akacheka mpaka ubavu ukamuuma. Fundi akamfuata, mama mkwe akamalizia, ungo ukainama na maharage safi yakamwagika yakachanganyika na machafu, na hakuna aliyejali. Mtu aliyepita nje angedhani nyumba ile imepata bahati nasibu.

"Na zile nyingine?" aliuliza fundi akijifuta macho. "Ile ya majambazi?"

"Ile sikuigusa. Yule mwizi alistahili."

"Na ya harusi?"

"Pale niliongeza muziki."

"Mama."

"Kidogo tu. Harusi ilikuwa imepooza."

Kicheko kilipokwisha, mwandishi akawaeleza habari ya Jumamosi na habari ya kurasa tatu. Fundi akaanza kuokota maharage moja moja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

*

Wiki ile nyumba iligeuka mahakama. Kila jioni fundi alikuwa mwongozaji, anakaa juu ya mtungi, amevaa miwani ya mama yake, anauliza maswali magumu kwa sauti ya puani. Mwandishi alijibu kwamba alitazama akiwa na homa. Fundi akauliza homa gani inayoleta gauni la buluu. Akajibu kwamba alisema vile kwa maana ya ndani, kwamba mama karudi moyoni mwa binti. Hilo fundi alilipenda, lakini mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa watu wote waliolipa kiingilio, akapiga miguu sakafuni na kusema moyoni hakuna kiti cha wateja.

Alhamisi mwandishi alipeleka kurasa zake mbili zilizobaki ofisini, badala ya kuzituma, akitumaini kumlainisha mhariri uso kwa uso. Mlinzi akamwandika "mgeni." Mhariri alikuwa kikaoni. Mwandishi aliwekwa kwenye benchi la korido, karibu na mashine ya maji iliyokuwa imeishiwa maji, na mbele yake karani wa uhasibu na mpiga picha walikuwa wanamjadili Kiti cha Nyuma.

"Ni mzee mmoja mlevi," alisema karani. "Mimi nimeshamwona. Analala filamu ikianza."

"Sasa atafukuzwa?"

"Afukuzwe tu. Bora wasimguse Bibi Akiba. Yule ndiye ameniokoa mimi. Bila yule mama ningekuwa nimeshauza kitanda."

Mwandishi alitamani kumshukuru na kumtukana kwa wakati mmoja. Akaziacha kurasa kwa karani huyohuyo, akaondoka bila kumwona mhariri. Njiani alijaribu kujifikiria bila zile kurasa. Nyumba, chakula, hayo aliyapigia hesabu akaogopa kawaida. Kilichomtisha zaidi ni kukaa kimya. Miezi yote ile tangu msiba alikuwa anakimbia kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, leo mapazia, kesho mikopo, na alijua vizuri kabisa ni nini kinachomsubiri siku atakayokosa pa kukimbilia.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mwenye sinema, mtu mnene wa kofia, alikuwa anatokwa jasho la furaha. Mlangoni alimshika mwandishi mkono kwa mikono yake miwili.

"Tangu nimeifungua sijawahi kuona kitu hiki," alisema. "Ugombane naye vizuri, dada. Usikubali mapema."

Fundi alikuwa amepiga pasi shati. Mama mkwe alikuwa amevaa viatu vya kutokea na kushika karanga, lakini hazikuwa zikiliwa. Njia nzima hakuzungumza, na mama yule kunyamaza njia nzima lilikuwa jambo la kutia wasiwasi. Walipokuwa wanaingia alimvuta mwandishi kiwiko.

"Mwanangu, wewe jibu tu maswali, halafu twende nyumbani. Filamu tusikae kuitazama. Itatuchelewesha."

"Itatuchelewesha nini, mama?"

"Maharage nimeyaloweka."

Mbele ya pazia waliwekwa viti viwili. Kwenye kimoja mwandishi, kwenye kingine mwongozaji, kijana mwembamba mwenye sauti ndogo, ambaye hakuonekana kuja kugombana. Mhariri aliketi safu ya kwanza, kalamu mkononi. Mwongozaji akaipokea maikrofoni na kusema ana swali moja tu.

"Dada, yule mama alipoingia saluni, binti alikuwa anafanya nini?"

Fundi hakuwa amelifikiria swali hilo. Wiki nzima ya mazoezi na halikuulizwa. Mwandishi akafungua mdomo, akaitafuta homa, akaitafuta maana ya ndani, akakuta hana lolote. Watu walikuwa wanasubiri kwa hamu kubwa, na wengi wao, alivyowaona, walikuwa upande wake. Walimtaka yule mama.

"Anafagia," ikaitika sauti kutoka nyuma.

Vichwa vyote vikageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye ngazi, karanga mkononi.

"Alikuwa anafagia nywele. Akasikia mlango, akadhani ni mteja, akasema tumefunga. Mama akasema, nimekuja mbali. Ndipo binti akageuka." Akashuka ngazi mbili. "Gauni lilikuwa la buluu. Na huyo msimwulize kitu, yeye hakuwapo. Mtazamaji ni mimi. Mimi ni mama mkwe wake."

Ukumbi ukavuma kwa kicheko na makofi. Mtu akapiga mluzi. Kalamu ya mhariri ilisimama hewani. Mwandishi alisimama pia, akaona hakuna namna.

"Ni kweli," alisema. "Sikuitazama. Filamu zote za karibuni sikuzitazama. Naomba radhi kwa mwongozaji, kwa gazeti na kwenu nyote."

Makofi yakapungua. Mhariri akaandika kitu kifupi, na mwandishi akahisi kurasa zake zinaondoka moja baada ya nyingine. Lakini mwongozaji hakuwa anamtazama yeye.

"Mama, mimi nakukumbuka," alimwambia mama mkwe. "Siku ya waandishi nilisimama mlangoni nione watu wanavyotoka. Wote walitoka wakizungumza na simu. Wewe ulibaki kitini unalia. Kama ulimwona mama amerudi, ulikuwa unalia nini?"

Mama mkwe akaanza kuifunga ile karatasi ya karanga, anaikunja, anaikunjua.

"Sikumwona," alisema.

"Mimi pia sikumwona," alisema mwongozaji. "Ile ni saluni ya nyumbani kwetu. Dada yangu alikuwa anaifungua kila asubuhi na kuwaambia wateja mama anakuja kesho. Aliwaambia hivyo mwaka mzima. Nimetengeneza filamu ili sisi wawili tuache kusema kesho. Halafu nafungua gazeti, nakuta amerudi." Akatabasamu, tabasamu la kuumia. "Nilisoma mara tatu. Nikataka kumjua aliyemwona."

Hata wale wa kwenye ngazi waliacha kutafuna.

"Naomba kitu kimoja," alisema mwongozaji. "Dada huyu mwandishi aitazame. Sasa hivi, mpaka mwisho. Baadaye aandike apendavyo."

"Niitazame mimi," alisema mama mkwe haraka. "Huyu mwacheni aende nyumbani."

"Mama, umeshaitazama," alisema mwongozaji.

"Nitaitazama tena. Mara mbili kama mnataka. Kijana wangu, huyu mwache."

Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho mwandishi hakuwahi kukisikia, na hakukielewa. Alichoelewa ni kwamba watu mia kadhaa wanamngoja. "Nitaitazama," alisema, akaenda kuketi kiti cha nyuma, fundi mkono wa kushoto, mama mkwe mkono wa kulia.

*

Taa zikazimwa. Kifua kikambana palepale, akashika mkono wa kiti, na huenda angenyanyuka kama filamu isingeanza kwa kichekesho. Mteja wa kwanza alikuja na picha ya msichana mwenye nywele nyingi, na yeye mwenyewe ana upara. Ukumbi ukaangua kicheko, naye akacheka nao, kwanza kwa adabu, kisha kwa kweli. Ilikuwa filamu ya kuchekesha. Wateja walikuwa wambea, kikaushio kilikuwa kinapiga shoti, binti alikuwa anadanganya vizuri kuliko mtu yeyote. Mama anakuja kesho, aliwaambia. Kesho.

Katikati hivi mwandishi alianza kuelewa. Hakuna aliyemwambia. Ilikuwa ile namna binti alivyoupanga mkoba wa mama yake wa hospitali, nguo za ndani chini, kitambaa cha kichwa juu, ili kikihitajika kisitafutwe. Hivyo hivyo mwandishi aliwahi kuupanga wa mama yake mzazi. Akageuka kulia. Mama mkwe hakuwa anatazama filamu. Alikuwa anamtazama yeye.

"Sasa fumba macho," alinong'ona mama mkwe. "Ikiisha nitakuambia."

Kumbe mama mkwe alijua. Siku ile alirudi kutoka onyesho na macho mekundu, akasema ni vumbi la ukumbini, akaketi jikoni mbele ya mkwe wake ambaye hakuwa amemaliza kulia, akatazama vidole vyake vikisubiri kuchapa, na akashindwa kumwambia. Akamrudisha mama wa watu kutoka kaburini, akamvika gauni la buluu. Lile la kazi kuwa ndivyo ilivyo, lile la kunyoosha kidogo, alilitunga uani ili wacheke. Mwandishi alimkasirikia kwa muda wa pumzi moja, na kisha akampenda kwa upendo ambao hakujua kwamba bado upo mahali popote duniani kwa ajili yake.

Hakufumba macho. Pale mbele binti alikuwa ameingia saluni peke yake. Akaja mteja, akaketi, akauliza kama wanavyouliza wote, mama yako anakuja lini? Binti akachukua kitana, akasimama nyuma ya kiti, mahali ambapo mama yake alikuwa akisimama, akaanza kuzigawa nywele.

"Haji," alisema.

Akaendelea kusuka. Filamu ikawa imekwisha.

Taa zilipowaka watu walibaki wameketi kama wale wa juzi, ila safari hii hakuna aliyepiga mguu. Mwandishi alikuwa analia bila kujificha, kamasi na yote, kilio alichokikimbia miezi yote ile, na kifua hakikuwa kinabana tena. Fundi alimkabidhi kitambaa, kisha akakihitaji mwenyewe wakawa wanapokezana. Na kutoka kwenye ngazi mtu mmoja, sijui shetani gani alimtuma, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nisuke." Mwenzake akacheka puani. Kikamponyoka na mwingine, na kicheko kikapanda safu kwa safu mpaka nyuma, watu wanacheka machozi yakiwatoka, wanapigana mabega na watu wasiowajua. Mwandishi alicheka kuliko wote. Mwenye sinema alichungulia, akaona wanalia na kucheka pamoja, akaondoka kwenda kuandaa tiketi za onyesho la jioni.

Mhariri alikuja akipenya kati ya viti. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti ilikuwa chini, lakini haikuwa chini sana.

"Jumatatu nataka mapitio mapya," alisema. "Kwa jina lako halisi, na radhi iwe sentensi ya kwanza. Yale ya zamani sikulipi hata senti. Na kuanzia leo unatazama mwenyewe."

"Sawa, bosi. Na zile kurasa mbili?"

"Nani amekwambia nimezigusa?" Mhariri alifunga kalamu. "Nami nina mtungi mmoja tu, dada. Nilitaka kujua kama Bibi Akiba anajua anachosema."

"Hajui," alisema fundi.

Mama mkwe hakuwasikiliza. Alikuwa ameketi palepale, mdogo kuliko alivyozoeleka, karatasi ya karanga imechakaa mkononi. Mwandishi akamkalia karibu mpaka mabega yakagusana.

"Ni mbaya, sivyo?" aliuliza mama mkwe. "Nilijua ni mbaya."

"Si mbaya, mama. Ya kwako ningeitazama kila siku. Hii mara moja inatosha."

Mama mkwe aliyapima maneno hayo, akaridhika nayo, na rangi ikaanza kumrudia. Mwongozaji alikuwa amesimama nyuma yao, mikono mifukoni, hajui kama anaruhusiwa kusogea. Amesikia yote. Mama mkwe akageuka, akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Na wewe umeitazama mara ngapi, hiyo yako?"

"Sikumbuki, mama. Wakati wa kuihariri, kila siku. Mwaka mzima."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Masikini ya Mungu," alisema mama mkwe. "Basi siku ukichoka nayo, njoo nyumbani nikusimulie ya kwangu."

Watu waliokuwa karibu walicheka, na mwandishi naye akaanza kucheka, akidhani kijana atacheka nao. Lakini mwongozaji alitoa mikono mifukoni, akaketi kwenye kiti cha mbele yao, akageuka nyuma, na kuuliza nyumbani kwao ni wapi.